Baraza Halikuonekana: Uhakiki wa Lenzi ya Kila Siku

Bibi yangu mzaa mama alikuwa na baraza, pale Ngamiani, Tanga. Baraza la saruji, rangi nyekundu iliyokwisha kupauka, na nguzo mbili za mti. Hapo ndipo alipouza vitumbua asubuhi, hapo ndipo alipowapatanisha majirani waliogombana, na hapo ndipo alipokaa siku niliyokwenda kumpiga picha kwa kamera kubwa ya mbao, ile ambayo mpigaji hujifunika kitambaa cheusi kichwani kama wapiga picha wa zamani. Nilikuwa na vipande sita tu vya filamu. Nilipomaliza cha sita akaniuliza, “Mjukuu wangu, na baraza langu limeonekana?” Nikamjibu, “Limeonekana, bibi.”

Halikuonekana. Nilikuwa nimefunga lenzi ya milimita 210, na kwa umbali niliosimama, ndani ya picha uliingia uso wake, mabega yake na upindo wa kanga. Nyuma yake kuna weusi mtupu, ambao wakati ule niliuona mtamu kweli kweli. Baada ya miaka miwili bibi akafariki. Nyumba ikauzwa, ikavunjwa, ikapandishwa ghorofa. Niliposafisha picha kubwa na kuipeleka kwenye kikao cha familia, shangazi aliitazama muda mrefu, akasema ni nzuri mno, kisha akauliza, “Sasa hapa ni wapi?”

Swali hilo ndilo lililonifanya niandike makala hii. Najua kibaraza chetu hiki cha mtandaoni ni cha vitabu, na msomaji ana haki ya kuuliza lenzi zinahusu nini. Zinahusu sana. Mpiga picha wa kamera kubwa anayechagua lenzi moja ya kila siku anafanya kazi ileile ya mwandishi anayechagua msimulizi. Euphrase Kezilahabi katika Rosa Mistika (1971) alimweka msimulizi nje, mahali anapoweza kuwaona wote, na katika Nagona (1990) akamtia msimulizi ndani ya safari yenyewe, anene kwa “mimi”. Hakuna mhakiki atakayesema kwamba nafsi moja ni bora kuliko nyingine. Tunachouliza ni hiki: nafsi hii imeruhusu nini kionekane, na imefukuza nini? Nataka tuiulize lenzi swali hilohilo.

Kwanza tuelewane kuhusu chombo chenyewe. Kamera kubwa haina mambo mengi. Mbele kuna ubao ulioshika lenzi, nyuma kuna kioo chenye ukungu, katikati kuna mvukuto unaozuia mwanga kama viriba vya mhunzi. Ukijifunika kitambaa unaiona taswira kwenye kioo, kichwa chini miguu juu, kushoto kumekuwa kulia. Ukiridhika, unafunga lenzi, unachomeka kipande cha filamu mbele ya kioo, unapiga. Kipande kimoja, picha moja. Ukubwa wa kawaida ni inchi 4 kwa 5, na wenye mabega imara hubeba ya inchi 8 kwa 10. Hakuna lenzi ya kuvuta na kusogeza hapa. Ukitaka kubadili upana wa unachokiona, ama unabadili lenzi, ama unatembea.

Sasa hesabu kidogo, isikutishe. Chukua kamera ya inchi 4 kwa 5, simama mita 3 kutoka kwa mtu aliyeketi, uilaze kamera kwa upana. Lenzi ya milimita 210 itakuonyesha takriban mita 1.7 za upana wa dunia pale alipo yule mtu. Ya 150 itakuonyesha kama mita 2.4. Ya 90 itakuonyesha kama mita 4. Yaani kwa hatua zilezile na mtu yuleyule, lenzi ya kwanza inampata mtu na kiti, ya pili inampata mtu, kiti na mlango, ya tatu inampata mtu, mlango, dirisha, ndoo, na paka wa jirani. Na kitu kimoja wengi hukikosea: pua haikui kwa sababu ya lenzi. Ukubwa wa pua ukilinganishwa na masikio hutokana na umbali uliosimama. Lenzi fupi inakuvutia usogee karibu ili uso ujae kwenye fremu, na kule kusogea ndiko kunakoivimbisha pua. Lenzi inakualika tu. Miguu ndiyo inayoitikia.

Kwa hiyo ukiwauliza wazoefu lenzi ya kila siku ni ipi, jibu utakalolisikia zaidi ni “ya kawaida”, yaani 150 kwa filamu ya 4 kwa 5, au 300 kwa filamu ya 8 kwa 10. Sababu inayotolewa ni kwamba urefu huo unakaribia kipimo cha filamu kutoka pembe hadi pembe (kwa 4 kwa 5, eneo linalopata mwanga lina kama milimita 153 kwa mshazari), na eti ndivyo jicho la mtu linavyoona. Sehemu ya kwanza ni hesabu, haina ubishi. Ya pili mie siikubali. Jicho la mtu haliketi kwenye fremu. Linazurura, linarudi, linaruka lisichokitaka. Bibi alipomwangalia mteja wa vitumbua, aliuona uso wake na sarafu mkononi mwake, na papo hapo akamwona mtoto aliyekuwa anavuka barabara. Milimita ngapi hizo? Neno “kawaida” kwenye lenzi ni kama neno hilo kwenye riwaya: linaficha uamuzi ambao mtu fulani ameshaufanya.

Tuwatazame basi watu watatu, kila mmoja na uamuzi wake.

Wa kwanza ni Eugène Atget (1857–1927), aliyetembea mitaa ya Paris kwa takriban miaka thelathini na kamera ya sahani za kioo za sentimita 18 kwa 24. Kamera za aina hii zina hila moja: unaweza kuupandisha ubao wa lenzi ili uone juu ya jengo bila kuinamisha kamera, na kuta zibaki zimesimama wima. Lakini kila lenzi humwaga duara la mwanga lenye mwisho wake. Ukiipandisha kupita kiasi, pembe za filamu zinatoka nje ya duara hilo. Atget aliipandisha kupita kiasi. Ndiyo maana katika picha zake nyingi pembe za juu zimekuwa nyeusi, zimekunjwa kama tao la mlango. Angeweza kuzikata. Katika nyingi aliziacha. Mie nikiziona pembe zile nasikia msimulizi anayesema, “Ujuzi wangu unaishia hapa.” Alitaka mtaa mzima uingie, vyombo vyake vikamwambia haiwezekani, na mabishano yale yakabaki kwenye picha. Ni uaminifu ambao lenzi za siku hizi, zenye duara pana lisilokatisha pembe, zimetuondolea bila sisi kuomba.

Wa pili ni Richard Avedon, na hapa ndipo ugomvi wangu ulipo. Kati ya mwaka 1979 na 1984 Avedon alizunguka magharibi ya Marekani na kamera ya Deardorff ya inchi 8 kwa 10, akawapiga picha watu 752: wachimba makaa, wachinjaji, madereva wa malori, wahamaji wasio na makao. Filamu zilizotumika zilikaribia vipande 17,000. Kitabu, In the American West, kilitoka mwaka 1985. Kila mtu alisimamishwa mbele ya karatasi kubwa nyeupe, kivulini, na Avedon mwenyewe alisimama pembeni mwa kamera, ana kwa ana na mtu wake, badala ya kujificha chini ya kitambaa. Picha zinakupiga kifuani. Vumbi la makaa kwenye kope unaweza kulihesabu. Kuna kijana wa miaka 13 ameshika nyoka aliyepasuliwa, na mikono ile huisahau.

Lakini soma tena jina la kitabu. Magharibi iko wapi? Hakuna mlima, hakuna kituo cha mafuta, hakuna barabara, hakuna hata udongo wa kukanyaga. Wamo watu walioumbwa na mahali, na mahali pamefutwa. Wanaomtetea husema huko ndiko kuwaheshimu, kwamba mchimba makaa amepewa nafasi ileile safi aliyokuwa akipewa mwigizaji maarufu kwenye studio ya New York. Hoja hiyo ina uzito, nami kwa miaka mingi niliishikilia. Ile weusi nyuma ya bibi ni karatasi nyeupe ya Avedon iliyogeuzwa rangi. Tofauti ni kwamba Avedon alijua anachofuta. Alikwenda na karatasi yake, akaitundika, akaisaini kazi. Mie nilifuta bila kujua, kwa kuwa nilinunua lenzi ya 210 baada ya kusoma mahali kwamba ndiyo “ya nyuso”. Na nikamdanganya mwenye uso.

Wa tatu yuko karibu nasi zaidi kwa mazingira: Seydou Keïta wa Bamako, Mali. Alifungua studio yake mwaka 1948, na kufikia 1962 alikuwa amewapiga picha watu wa mji ule kwa maelfu, kwa kamera ya filamu za sentimita 13 kwa 18. Kwa kawaida alipiga picha moja tu kwa kila mteja, kwa kuwa filamu ilikuwa ghali. Na picha alizowapa wateja zilisafishwa kwa kulaza negativu juu ya karatasi moja kwa moja, ukubwa kwa ukubwa. Jambo hili lina maana kubwa kwa mhakiki. Halikuwapo suala la kukuza kipande na kuacha kingine baadaye. Alichokipanga kwenye kioo ndicho mteja alichokibeba nyumbani.

Basi tazama alichokipanga. Keïta naye alitundika kitu nyuma ya watu: kitambaa. Cha mwanzo kilikuwa shuka la kitanda chake mwenyewe, lenye matamvua, na baadaye alikuwa akibadilisha kila baada ya miaka miwili au mitatu, hata vitambaa hivyo vikaja kumsaidia kukumbuka picha ipi ni ya miaka ipi. Naye pia aliufuta mji, ukitaka kusema hivyo. Lakini alisimama mbali kiasi cha kuacha nafasi kwa mikono, saa, redio, kalamu mfukoni, mkunjo wa gauni, wakati mwingine skuta. Mteja alikuja na ulimwengu aliouchagua mwenyewe, au akaazima vitu vya studio, na fremu ikaupa nafasi. Kwa Avedon, mpiga picha ndiye aliyeamua nini kiingie. Kwa Keïta, mteja alikuwa na kura. Na mara nyingi unapoona kitambaa cha maua nyuma na gauni la maua mbele vikigombania jicho lako, unajua uko mahali fulani, kati ya watu fulani, wanaojua kuvaa.

Wala sisemi Keïta ni bora kwa sababu ni Mwafrika, au kwa sababu ni mpole. Picha za Avedon zina nguvu ambayo za Keïta hazikuitafuta. Nasema hivi: baada ya kuwasoma hawa watatu, swali la “lenzi gani nzuri” limeshakwisha kazi. Linalobaki ni nani ana kura juu ya kinachobaki ndani.

Najua pingamizi linalokuja. “Kwa nini uchague? Beba zote.” Kuna hata lenzi zilizotengenezwa kwa ajili ya wasiotaka kuchagua. Ansel Adams alikuwa na Cooke ya kugawanyika: ukiitumia nzima inakupa inchi 12 na robo, ukitumia nusu moja inakupa inchi 19, nusu nyingine inchi 23. Ile picha yake maarufu ya mwezi juu ya Hernandez, New Mexico, ya mwaka 1941, ilipigwa kwa nusu ya inchi 23. Alisimamisha gari, akakimbizana na jua lililokuwa linatoka kwenye misalaba ya makaburi, mita ya mwanga hakuiona, akakadiria kwa mwangaza wa mwezi aliokuwa anaujua kwa kichwa, akapiga. Alipogeuza kishikio cha filamu apige ya pili, mwanga ulikuwa umeshaondoka. Watu huitumia hadithi hii kusifu vifaa. Mie naisoma kinyume. Mwenye lenzi tatu ndani ya moja aliokolewa na yale aliyokwisha kuyazoea hata hayahitaji kufikiriwa. Ukiwa na lenzi nne kwenye begi na jua linazama, unaanza kufikiria lenzi. Ukiwa na moja, unaitazama dunia.

Na kwetu kuna sababu nyingine isiyo ya kifalsafa: pesa. Filamu za vipande hazipatikani dukani hapa mtaani. Zangu huja na ndugu anayesafiri, boksi moja kwa mwaka akijaliwa. Lenzi moja na shata yake, hata iliyotumika, ni ada ya mtoto. Kuchagua lenzi ya kila siku si mchezo wa matajiri wanaojipima. Ni kuamua utakachokosa.

Hebu basi niiseme kesi ya 210 kwa haki, maana nimeichafua vya kutosha. Duara lake la mwanga ni pana, takriban milimita 300, hivyo kwenye filamu ya 4 kwa 5 unaweza kuupandisha ubao unavyotaka na pembe zisiguswe. Ya 150 ya kisasa ina duara la kama 210, linatosha lakini halina ukarimu. Na kwa nyuso, 210 inakuweka hatua za heshima. Kama mita moja na nusu, kichwa na mabega vimejaa, na mzee hahisi kwamba unamvamia. Kwa 150 ukitaka uso uleule mkubwa itabidi usogee kama mita moja. Kwa desturi zetu, kumsogelea mtu mzima mita moja na kumtumbulia kioo ni utovu wa adabu, na picha itaonyesha.

Pamoja na hayo yote nimeichagua 150, na sababu iliyoniamulia ni ya kimakasi: kukata kunaenda upande mmoja. Negativu ya inchi 4 kwa 5 ni kubwa. Ningekuwa na 150 siku ile, nikasimama palepale nilipokuwa, leo ningeweza kukata kingo na kupata uso uleule wa bibi, umbo lilelile la pua, hasara ndogo tu ya ukali. Lakini kutoka kwenye 210 siwezi kuichota nguzo, wala ngazi, wala sinia ya vitumbua. Hakuna chumba cha giza kinachorudisha kilichobaki nje. Mwandishi anaweza kurudi kwenye mswada akaongeza sura. Mpiga picha wa bibi aliyefariki hawezi.

Mtu ataniambia, kwa mantiki hiyo si ungechagua 90, uingize mtaa mzima? Nilijaribu kwa kuazima. Taswira kwenye kioo ni hafifu, pembe zinafifia, na zaidi ya hapo, kila kitu kikiingia hakuna aliyealikwa. Watu walikuwa wadogo mbele ya saruji nyingi. Ilikuwa kama riwaya inayotaja kila mtu kijijini na kutomjua yeyote. Ya 150 inanilazimisha niulize kila mara: huyu mtu, na kitu gani kimoja au viwili vilivyo vyake? Siulizi moyoni peke yangu. Namuuliza mwenyewe, kabla sijajifunika kitambaa.

Mwaka jana nilirudi Ngamiani. Jirani wa bibi, ambaye sote tulimwita Mama Mdogo, bado ana baraza lake. Nikamwamkia, tukanywa chai, nikamweleza nilichokuja nacho. Nikamwomba achungulie kwenye kioo, mwanawe akakaa mahali pake. Akacheka hadi akashika kiuno: “Mbona umemning'iniza mwanangu kama popo?” Alipozoea, akatazama kimya. Nikamuuliza kama kuna cha kuondoa. Kwenye ngazi kulikuwa na ndoo ya plastiki na kandambili moja ya mtoto, buluu, imekatika kigwe. Mie ningeiondoa kandambili ile bila kufikiri mara mbili. Akasema, “Iache.” Ni ya mjukuu wake aliyeko shule ya bweni, na anasubiri arudi ndipo aamue kuitupa.

Nilipiga vipande viwili. Picha aliyoichagua yeye si ile ambayo uso wake umetoka vizuri zaidi. Alichagua ile ambayo kandambili inaonekana yote.